Kutoka Kaunta Hadi Barazani: Mwongozo kwa Mwenye Duka Anayeutaka Udiwani

Ukitaka udiwani katika kata ya Mpepai, huku Mbinga, anza na duka. Achana kwanza na fulana, kofia na gari la kukodi lenye vipaza sauti. Hivyo anaweza kuvipata hata mtu aliyeshuka basi la Songea juzi. Duka halipatikani hivyo. Duka linakutaka ukae sehemu moja masika na kiangazi, ujulikane wewe, baba yako na mama aliyekuzaa, na umjue kila anayepita mbele ya baraza: nani ana mgonjwa ndani, nani ameishiwa mahindi kabla ya wenzake, nani mwanawe amechaguliwa kwenda sekondari na bado hajapata godoro.

Njia hii ilikwisha kupitiwa na wengine kabla yako. Wakati wa Waingereza, Mwafrika ambaye si chifu, si karani wala mwalimu wa misheni hakuwa na mahali pengi pa kusimama watu wakamsikiliza. Kaunta ya duka ilikuwa pamojawapo. Erika Fiah, mzaliwa wa Uganda, alikuwa na duka Dar es Salaam. Mwaka 1934 akawakusanya wafanyabiashara wenzake Waafrika katika chama cha ustawi na biashara, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu. Huko Nyanza, Jaramogi Oginga Odinga aliacha ualimu akaingia biashara, na biashara ikamfikisha kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1957, kisha kwenye umakamu wa rais. Paul Bomani alitumikia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza miaka mingi kabla hajaitwa mheshimiwa. Hakuna kati yao aliyezaliwa huku Umatengoni, nchi ya Wamatengo. Lakini waliyoyafanya yanafanyika Mpepai leo, kwa kuwa kazi ya kaunta bado ni ileile: kupima, kuandika, kukopesha, kudai na kusikiliza. Nawaheshimu watu hawa, na mwongozo huu nauandika kwa hasira dhidi ya wanaoitumia njia yao kuwanyonya majirani.

Basi, duka. Liweke mahali ambapo njia ya mashambani inakutana na njia ya mashine ya kusaga. Anza na vitu ambavyo nyumba hailali bila kuwa navyo: chumvi, sabuni ya mche, viberiti, mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo, betri za tochi, vocha za simu. Uwe na kisu cha kukatia sabuni, na ukate mbele ya mteja, vipande sawa, yeye achague anachokitaka. Mwenye duka wa mwaka 1950 angeongeza majembe, kaniki na mafuta ya taa. Pia angekuwa na tatizo ambalo wewe unalisikia kwenye historia tu. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Waarabu, na mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria kwamba asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, deni hilo halidaiki mahakamani. Walisema inamlinda Mwafrika asinaswe na madeni. Kwa mwenye duka wa Kiafrika ilikuwa kitanzi, maana mzigo wa mkopo ndio uliokuwa ukiwainua washindani wake. Yeye alilazimika kununua kwa fedha taslimu, huku wateja wake, ambao ni shangazi, wajomba na mashemeji, wakitarajia kukopa. Mitaji mingi ilifia hapo.

Kwa hiyo leo ukipewa katoni tano na muuzaji wa jumla wa Mbinga mjini kwa ahadi ya kulipa Jumamosi, lipa Jumamosi. Uaminifu huo kuna waliokuwa tayari kuutoa, ila hawakupewa nafasi ya kuuonyesha.

Ukishajaza rafu, nenda kwenye mizani. Hapa sitaki haraka, kwa sababu kwenye sahani mbili na mawe matatu ndipo watu watakapokupima wewe. Mizani ya duka la kijijini ina hila zake, na kila mwanamke wa Mpepai anazijua: kidole gumba kinachosahaulika kwenye sahani, jiwe la nusu kilo lililotobolewa chini, karatasi nzito ya kufungia inayopimwa pamoja na sukari, na ile haraka ya kuiondoa bidhaa kabla mkono wa mizani haujatulia. Geuza mizani imtazame mteja. Acha itulie. Mpe mtoto aliyetumwa na mama yake kipimo kilekile ungempa mama mwenyewe, kwa sababu mama atapima tena nyumbani kwa kikombe anachokijua. Ofisa wa Wakala wa Vipimo akifika kukagua, mwite mteja aliye karibu ashuhudie.

Unaona ni jambo dogo? Tazama Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya waunde vyama vyao vya kuuza pamba, na Bomani alikuwa mbele katika kuviunganisha. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Victoria. Mwaka 1960 Bomani alikuwa waziri, na mwaka 1962 akashika Wizara ya Fedha. Watu walimwamini na hazina ya nchi baada ya kumwona anahangaikia ratili zao za pamba. Wewe unayetaka kusimamia ushuru wa kahawa wa halmashauri nzima, sukari ya robo unaipimaje?

Jambo hili lina upande wa pili, nao ni lumbesa. Wanunuzi wa mahindi na maharage wanakuja na gunia, wanalijaza hadi mdomo, kisha wanashonea kilemba juu na kulipa bei ya gunia moja. Mwenye duka mara nyingi ndiye dalali wao. Anajua nani ana shida na nani atauza leo. Kama unautaka udiwani, kazi ya udalali wa lumbesa iache leo. Huwezi kusimama barazani kutetea vipimo wakati sindano ya kushonea kilemba imelala kwenye droo yako.

Sasa fungua daftari la madeni. Hili ndilo jambo lililonifanya niandike.

Umatengo una mwaka wake wa fedha. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, na ndipo mabati, ndoa, baiskeli na pikipiki vinaponunuliwa. Kuanzia Desemba hadi mahindi mapya yatakapokomaa, fedha huwa zimekwisha, na mwenye duka ndiye benki, hospitali na bima ya kijiji. Ukurasa wa Februari unaweza kusomeka hivi: Kapinga, nusu mche wa sabuni. Mbunda, sukari robo, kiberiti kimoja. Ndunguru, madaftari sita na kalamu mbili. Komba, chumvi, mafuta ya kula kipimo kimoja, Panadol. Mbele ya kila jina kuna tarehe na bei, na pembeni kabisa neno moja limeandikwa kwa kalamu nyekundu: kahawa. Maana yake atalipa akiuza kahawa.

Kuna namna mbili za kulisoma neno hilo jekundu. Ya kwanza ni ya haki. Mtu amechukua sabuni kwa bei ya leo, na mwezi wa nane, akishapata fedha za kahawa yake, atakuja kulipa shilingi zilezile, au zilezile na nyongeza mliyoelewana waziwazi. Kahawa yake ataiuza anakotaka kwa bei ya msimu. Wewe umemvusha, yeye amekulipa, na wote wawili mnaendelea kutazamana usoni.

Ya pili Mbinga inaitwa magoma. Mtu ana mgonjwa, au mtoto anatakiwa shuleni Jumatatu. Unampa fedha au bidhaa, na makubaliano ni kwamba atalipa kwa kahawa, gunia kwa gunia, kwa bei mliyoipanga yeye akiwa na machozi machoni. Kahawa hiyo bado ni mbichi mtini. Yeye ataipalilia, ataipulizia dawa, ataichuma, ataikoboa, ataianika na kuigeuza mchana kutwa, kisha ataibeba kichwani na kuileta kwako, nawe utaiuza kwa bei ya msimu. Mwaka unaofuata atarudi tena, kwa sababu gunia la kumlipia mgonjwa wa mwaka huu ndilo lingekuwa akiba ya mwakani. Kagera mchezo huu unaitwa butura, na wakulima wake wa kahawa wameumia vilevile. Viongozi wa serikali wameupiga marufuku mara nyingi, lakini unaendelea, kwa kuwa mgonjwa hangoji msimu, na mwenye fedha za haraka kijijini ni mmoja au wawili tu.

Kanuni ya kwanza na kubwa ya mwongozo huu ni hii: ukiwa na daftari la magoma, usichukue fomu. Nasema hivi bila kumung'unya. Mtu unayemdai gunia ambalo bado liko mtini hawezi kukunyima kura, na hata akikunyima, hawezi kusimama kwenye mkutano wa hadhara kukuuliza zilikokwenda fedha za zahanati. Atakaa kimya, mkewe atakaa kimya, na wewe utaondoka pale ukidhani mkutano umekukubali. Nimewasikia watu wakisifu mgombea fulani kwamba kijiji kizima kiko mfukoni mwake. Kijiji kilichomo mfukoni mwa mtu hakina diwani, kina mdai wake.

Na ukikopesha kwa haki, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Andika deni kwa jina la aliyelichukua. Kahawa ya nyumba mara nyingi huuzwa na baba, lakini sabuni, chumvi na dawa ya mtoto hukopwa na mama. Mwenye duka mwenye akili haendi kumtangaza mama huyo kwa mumewe kilabuni, wala hasubiri siku ya malipo ya kahawa amvizie baba mbele ya wenzake. Ongea nao wote wawili mapema, nyumbani kwao. Pili, weka kikomo. Kuna nyumba ambayo ukiikopesha zaidi ya kiasi fulani unaiangamiza, na wewe unaijua, kwa sababu unalijua shamba lake, ngoro zake, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, ni ngapi na zimelimwa na nani. Kumwambia mtu "shemeji, hapa tusimame kwanza" ni kazi ngumu kuliko hotuba yoyote utakayoitoa kwenye kampeni. Jizoeze.

Ukishindwa kujizuia peke yako, jiunge na wenzako, na hapa Jaramogi ana la kukufundisha. Alianza kwao Bondo na chama kidogo cha kuweka akiba. Mwaka 1947 kikasajiliwa kuwa shirika kubwa, Luo Thrift and Trading Corporation. Alizunguka mwenyewe kuuza hisa, kijiji kwa kijiji, kisha mjini kwa Wajaluo waliokuwa vibaruani na kwenye reli. Shirika likamiliki maduka, likajenga Kisumu, likawa na mtambo wa uchapaji Nairobi. Biashara yenyewe ilipata taabu nyingi, na haikumtajirisha. Faida yake ilikuwa kwingine. Mtu aliyekuwa mteja akawa mwenye mali. Akiwa na hati yake ya hisa mkononi, alikuwa na haki ya kumwuliza Odinga hesabu, na Odinga alilazimika kujibu. Aliposimama kugombea mwaka 1957, alikuwa ameshajibu maswali ya watu kwa miaka kumi.

Kwetu huku shule hiyo ya kuulizana hesabu ilikuwapo hata kabla. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Mwaka uliofuata Wachaga wakawa na muungano wao wa ushirika, KNCU, na mwaka 1936 Songea ikapata NGOMAT, muungano wa ushirika wa Wangoni na Wamatengo: Wangoni na tumbaku yao, Wamatengo na kahawa iliyokuwa imeingia milimani katika miaka ya 1920. Fikiria chama cha msingi kilivyofanya kazi. Wakulima walichagua kamati, kamati ikawa na katibu, katibu akaandika muhtasari, mweka hazina akasoma hesabu, na mtu wa nyuma kabisa akanyoosha mkono kuuliza kwa nini ghala lina magunia pungufu. Zoezi hilo lilifanyika mwaka baada ya mwaka, muda mrefu kabla TANU, chama kilichodai uhuru, haijazaliwa Julai 7, 1954. TANU ilipokuja kutafuta watu wa kuongoza matawi vijijini, watu waliojua kuendesha kikao walikuwa wameshaiva.

Kwa hiyo kama una mikahawa, na wenye maduka wengi Mbinga ni wakulima pia, uwe mwanachama hai wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Peleka kahawa yako huko. Hudhuria mkutano mkuu na ukae hadi ajenda ya mwisho, ile ya hesabu, ambayo huwakuta watu wengi wameshaondoka. Uliza makato: ya usafiri, ya magunia, ya ukoboaji, ya ushuru. Ukitoka hapo urudi dukani ukawaeleze waliokuwa shambani. Mkopo wa pembejeo unaopitia AMCOS, au kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wanaokutana kila wiki na sanduku lao la funguo tatu, utapunguza wateja wa daftari lako. Usaidie ukue. Ni hasara ambayo mwenye nia njema ya uongozi anapaswa kuibeba.

Habari nazo ni bidhaa, ingawa hazina bei. Fiah alilielewa hilo. Mtu anayekuja kununua chumvi anataka pia kujua kodi imepandaje, mnada wa kahawa umekwendaje, barabara itatengenezwa lini. Fiah alilipeleka hilo hadi kwenye gazeti la Kiswahili lililomilikiwa na Mwafrika, wakati ambapo magazeti mengi yaliyomfikia msomaji wa Kiswahili yalikuwa ya serikali au ya misheni. Wewe bandika ukutani bei ya kahawa ya wiki, ratiba ya kliniki ya watoto na matangazo ya kijiji. Andika kwa herufi kubwa. Usibandike picha yako.

Tufike kwenye uchaguzi wenyewe. Ujue kwanza kwamba kulikuwa na wakati ambapo duka lenyewe liliweza kukupa haki ya kupiga kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na TANU ilikubali kushiriki baada ya mjadala mkali Tabora, Januari 1958. Kuandikishwa kulikuwa na masharti, likiwamo la kipato cha pauni 150 kwa mwaka au elimu ya darasa la nane. Mwenye duka aliyefikia kipato hicho aliingia kwenye orodha. Jirani yake mkulima, aliyelipa kodi kama yeye na kuzika na kuozesha pamoja naye, alibaki nje. Mwenye duka yule alipiga kura kwa niaba ya wote waliokuwa kwenye daftari lake la madeni lakini hawakuwamo kwenye daftari la wapigakura. Leo wamo wote. Bibi wa miaka themanini anayekudai heshima na mwendesha bodaboda unayemdai vocha wana kura moja moja, sawa na wewe.

Hapo ndipo sukari inapoingia. Wagombea wengine inabidi wainunue, wewe unayo ghalani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapigakura. Wanaharakati wa haki za binadamu wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kwa kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Hukumu ilikuwa sahihi, na sababu yake inaeleweka hata kwa mtoto wa darasa la tatu: mgombea asiye na sukari naye ana haki ya kusikilizwa. Lakini takrima haikufa. Unamwona mtu anagawa nusu kilo Oktoba, anawaita wazee "baba zangu", anakaa nao kwenye mkeka na kula ugali kwa mkono. Novemba wazee walewale wakipiga hodi wanajibiwa na mfanyakazi kwamba mheshimiwa amepumzika. Mtu huyo ni mwongo, na haifai kumtafutia jina laini.

Wewe fanya hivi. Mwezi mmoja kabla ya kuchukua fomu, mkabidhi ndugu au mwenzi wako daftari na kaunta, na utangaze hadharani kwamba madeni yote yanabaki yalivyo. Hakuna atakayesamehewa, hakuna atakayebanwa, bei hazitashuka wala kupanda kwa sababu ya kura. Watakujaribu. Mzee mmoja atakuja jioni, fimbo mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unautaka udiwani. Sasa, lile deni langu dogo tutalifanyaje?"

"Deni ni deni, babu. Utalilipa ukiuza kahawa, hata kama kura yako utampa mwenzangu."

Mzee ataondoka akinung'unika. Mwache. Ikiwa umeishi naye vizuri miaka yote, atakupa kura akinung'unika hivyo hivyo. Ikiwa kura yake ilikuwa inategemea chumvi, hukuwa nayo tangu mwanzo.

Ukishinda, utakutana na swali ambalo nchi hii ilikwisha kuuliza kwa sauti kubwa. Februari 5, 1967 Azimio la Arusha lilisema kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Madiwani walitajwa miongoni mwa viongozi hao. Mwenye duka aliyekuwa amepanda kutoka kaunta hadi barazani akajikuta anatakiwa kuchagua. Wengine waliachia kiti, wengine waliachia mali, na wengine waliandikisha mali kwa majina ya watoto. Si wote walioridhika, hata huko juu. Oscar Kambona, mzaliwa wa mwambao wa Nyasa karibu na Mbamba Bay, aliyekuwa Katibu Mkuu wa TANU, alijiuzulu mwaka huohuo na kwenda kuishi Uingereza.

Kisha yakaja mengine kwa mfululizo. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa. Mwaka 1976, Rashidi Kawawa, mwana wa Songea, akiwa Waziri Mkuu, ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Hesabu mwenyewe: katika miaka kumi, mtu wa aina hii alipoteza kiti chake, duka lake na ushirika wake. Vijiji vilipoteza zaidi, maana kuna mahali duka la zamani lilifungwa kabla duka jipya halijapata hata gunia la chumvi. Ushirika na serikali za mitaa vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala kililegeza masharti hayo ya uongozi.

Naamini Operesheni Maduka ilikuwa kosa kubwa. Naamini pia kwamba swali la Azimio lilikuwa la haki na halijapata jibu. Kwa diwani wa leo, kuwa na duka si jambo la kuruhusiwa tu. Anatarajiwa kuwa nalo, kwani posho ya udiwani haitoshi kulea familia. Kwa hiyo ukuta kati ya kaunta na kiti utaujenga mwenyewe. Usiiuzie halmashauri hata boksi la chaki. Usimtume shemeji yako aombe zabuni ya saruji ya darasa la kata yako. Sheria za serikali za mitaa zinakutaka utangaze maslahi yako na usishiriki mjadala unaoyagusa, basi simama, utangaze, utoke nje, na usiwaachie wenzako ujumbe wa simu unapotoka. Mradi wa kisima ukifika, usikubali kichimbwe mbele ya duka lako ati kwa kuwa pana nafasi.

Kikao chako cha kwanza cha baraza la madiwani, nenda na daftari jipya, lisilo na deni la mtu. Andika maswali matatu kabla hujalala. La kwanza: ushuru wa kahawa uliokusanywa msimu uliopita kutoka kata ya Mpepai ni shilingi ngapi, na zilizorudi kwenye kata ni ngapi? La pili: katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi vya kata yetu vilivyoomba ni vingapi, vilivyopata ni vingapi, na vilivyonyimwa viliambiwa sababu gani? La tatu: barabara ya kutolea kahawa itapitika mvua zikianza, au magunia yatashushwa tena njiani? Majibu utayasoma kwenye mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kisheria inapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, pamoja na mapato na matumizi ya kijiji chenyewe, shilingi kwa shilingi, wewe umesimama na watu wameketi. Ukijibiwa barazani kwamba takwimu za kata bado hazijachambuliwa, omba iandikwe kwenye muhtasari kwamba umeuliza, na tarehe yake, kisha uulize tena robo inayofuata.